Siku moja kabla ya kurudi: treni na baiskeli mpaka magofu ya Ayutthaya

Wenzangu mnaokuja Bangkok kufunga mzigo, najua ratiba zetu zilivyo. Unashuka na ndege ya Nairobi au Addis, unalala Pratunam, ule mtaa wa maduka ya nguo, siku tatu nne unazunguka jumba la maduka la Platinum na zile chochoro za jumla mpaka miguu inavimba, unapeleka mabegi kwa wakala wa kago, yanapimwa kilo, unalipa, afu unabaki na siku moja hivi unasubiri ndege, na hiyo siku wengi tunaimaliza tumelala hotelini au tunarudi sokoni kununua vitu ambavyo havikuwepo kwenye bajeti. Mimi nimefanya hivyo safari nne nzima. Ya tano nikapanda treni kwenda Ayutthaya, na toka hapo kila nikija ile siku naitenga mapema, kabla hata sijaweka oda ya kwanza.

Ayutthaya ndo ulikuwa mji mkuu wa Siam, Thailand ya zamani, kuanzia 1351 mpaka 1767. Miaka mia nne na ushee. Upo kwenye kisiwa, mito mitatu imeuzunguka, Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi, meli zilikuwa zinapanda mto kutoka baharini zinatia nanga pale, Wareno wana mtaa wao, Waholanzi wana wao, Wajapani, Wachina, Waajemi, kila taifa na sehemu yake. Baadaye jeshi la Burma likaja likauzingira mji zaidi ya mwaka, Aprili 1767 likaingia, likachoma. Waliotawala baada ya hapo hawakurudi kuujenga, wakashuka na mto mpaka Thonburi, halafu 1782 wakavuka ng'ambo wakaanzisha Bangkok, na matofali mengi ya Ayutthaya yakang'olewa yakapakiwa kwenye mashua kwenda kujenga kuta za mji mpya. Kwa hiyo ukikuta ukuta umeishia kiunoni ujue kipande chake huenda kiko huko huko ulikotoka asubuhi. Mimi hili jambo kila nikilifikiria linanigusa, maana sisi tunaijua Bangkok ya maduka tu, hatujui imetoka wapi.

Nawaandikia hatua kwa hatua jinsi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kutumia hela nyingi na bila kuchukua gari la utalii. Ni umbali wa kilomita 71 kwa reli, na ukifika unakodi baiskeli.

Kwanza kwa nini baiskeli. Kile kisiwa ni tambarare kabisa, hakuna mlima hata mmoja, lakini magofu yametawanyika, kutoka moja mpaka lingine unaweza kutembea dakika ishirini kwenye jua ambalo ni kali kuliko la Dar mwezi wa pili. Bajaji zipo, zile za Ayutthaya zina pua ya duara mbele, nzuri kuzitazama, ila ukikodi bajaji kwa masaa unakuwa umefungwa na dereva, kila hekalu anakusubiri nje na wewe ndani moyo hautulii unaona unamchelewesha. Pikipiki nazo zinakodishwa, mi sishauri kama huna leseni inayokubalika huko, ukigusana na mtu ni matatizo makubwa ugenini. Baiskeli inakwenda taratibu, unasimama popote, na mwendo wake ndo unaokuonyesha mji ulivyopangwa, mifereji iko wapi, ikulu ilikuwa wapi, mto unakunjia wapi. Na Wathai wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo barabarani hutachanganyikiwa.

Usiku kabla ya safari

Weka vitu hivi kwenye begi dogo la mgongoni: paspoti yako (na kopi yake, fanya kabisa, nitaeleza chini), hela za noti ndogo ndogo, baht 20 na 50 na 100, maana kwenye kivuko na kwa wauza maji ukitoa noti ya 1,000 unawasumbua. Kofia au mtandio. Maji lita moja na nusu, mengine utanunua njiani. Pawa benki. Ramani ya Ayutthaya ishushe kwenye simu ukiwa na waifai ya hoteli ili hata bando likiisha isikuache. Mwavuli mwepesi kama ni mwezi wa tano mpaka wa kumi, huo ndo msimu wa mvua kwao. Kipindi kizuri kabisa ni Novemba mpaka Februari, joto linapungua kidogo. Aprili ni mwezi wa joto kali kuliko yote, ukienda Aprili rudi mapema, usishindane na jua.

Mavazi. Yale si magofu ya kwenda kupiga picha tu, kwa Wathai ni mahali patakatifu mpaka leo, utawakuta watu wanapiga magoti mbele ya sanamu ambayo haina kichwa. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Suruali pana ya kitambaa chepesi inafaa, na dada zangu wenye dera au gauni refu angalieni lisiingie kwenye cheni, bora suruali na shati refu. Viatu vya kufunga, si ndala, maana ngazi za matofali zimelika na zinateleza.

Lala mapema. Nasema kweli. Anayetoka Pratunam saa nne asubuhi atafika Ayutthaya jua liko utosini na atayachukia yale magofu bure.

Kufika stesheni

Hapa watu wanachanganyikiwa sana, soma vizuri. Bangkok kuna stesheni mbili kubwa. Ya zamani inaitwa Hua Lamphong, ile yenye paa la duara kama nusu pipa. Mpya inaitwa Krung Thep Aphiwat, iko Bang Sue. Toka Januari 2023 treni nyingi za masafa marefu zilihamishiwa stesheni mpya, lakini treni za kawaida, zile za bei ya chini zinazosimama kila kituo, zikabaki Hua Lamphong. Zote mbili zimeunganishwa na treni ya chini ya ardhi, MRT laini ya bluu, kwa hiyo hata ukikosea si mwisho wa dunia, unapanda laini hiyo hiyo unakwenda nyingine.

Kutoka Pratunam njia rahisi ni kutembea mpaka kituo cha Ratchaprarop, panda ile treni ya uwanja wa ndege kituo kimoja tu mpaka Makkasan, shuka, vuka daraja la waenda kwa miguu mpaka kituo cha MRT kinaitwa Phetchaburi, hapo chukua laini ya bluu moja kwa moja mpaka Hua Lamphong. Ukiwa na begi dogo ni raha.

Mimi napenda Hua Lamphong. Ukiwa pale ndani saa mbili kamili asubuhi utasikia wimbo wa taifa unapigwa na watu wote wanasimama, aliyekaa anainuka, mwenye mzigo anautua, mpaka uishe. Nawe simama. Jioni saa kumi na mbili ni hivyo hivyo, popote ulipo kwenye stesheni.

Tiketi

Nenda dirishani, sema "Ayutthaya", onyesha kidole kimoja kama uko peke yako, omba daraja la tatu. Nauli ya treni ya kawaida ni kama baht 15 mpaka 20. Ndiyo, hiyo ni nauli ya kilomita 71. Haina haja ya kubuku siku za nyuma wala kupitia wakala, daraja la tatu treni za kawaida halina namba za siti, unaingia unakaa. Akikupa tiketi ya treni ya haraka utalipa zaidi na utaokoa dakika chache tu. Ya kawaida inachukua saa moja na nusu mpaka mbili hivi.

Kitu cha kuzingatia ni saa. Kwenye ubao wameandika mtindo wa masaa ishirini na manne, 07.00 ndo saa moja yetu ya asubuhi, na saa za Bangkok ziko mbele ya zetu kwa masaa manne, kama simu yako bado iko saa za nyumbani itakupoteza. Ila kuna jambo lilinifurahisha sana nilipoelezwa na mama mmoja muuza matunda, kwamba Wathai wakiongea mtaani masaa ya usiku wanahesabu kama sisi, saa moja ya jioni ikishaingia giza wanasema nueng thum, moja, saa mbili wanasema song thum, mbili, mpaka ha thum, tano, ndo saa tano yetu ya usiku hiyo hiyo. Nilikaa miaka nadhani dunia nzima ni Waswahili tu tunaohesabu hivi.

Ndani ya treni

Hakuna kiyoyozi, kuna mapangaboi juu na madirisha unayafungua. Kaa dirishani. Kuna siti zimetengwa kwa ajili ya watawa, utaziona zina alama, usikae hapo, na dada zangu kumbukeni mtawa haguswi na mwanamke hata kwa bahati mbaya, kama njia ni nyembamba mpishe. Wauzaji wanapita na vikapu, wali, kuku wa kuchoma, mayai, maembe ya kukatwa, kahawa ya barafu. Treni inapita Bang Sue, inapita Don Mueang pale kwenye uwanja wa ndege mwingine, inapita Rangsit, baada ya hapo nyumba zinapungua unaanza kuona mashamba ya mpunga na mabwawa. Kituo cha Bang Pa-in kikipita anza kujiandaa, Ayutthaya iko karibu. Majina yameandikwa kwa herufi zetu pia kwenye vibao, lakini washa ramani uone nukta yako inavyosogea, maana treni haikai sana kituoni.

Kitu cha kwanza ukishuka, kabla hujatoka stesheni, piga picha ubao wa treni za kurudi Bangkok. Zipo mpaka usiku lakini zimepishana, na zile zinazotoka mbali kama Chiang Mai na Nong Khai zinachelewa mara nyingi. Chagua mbili, unayoitaka na ya akiba.

Kivuko na baiskeli

Toka nje ya stesheni, vuka barabara, mbele yako kuna kichochoro kinashuka mpaka mtoni, dakika tatu tu. Huo ni mto Pa Sak na kisiwa kiko ng'ambo. Pale kuna kivuko kidogo cha mashua, baht 10 hivi, dakika moja umefika. Usifuate madereva watakaokwambia kivuko hakuna leo, tembea mwenyewe ukaone.

Baiskeli zinakodishwa pande zote mbili, kwenye kichochoro kile kabla ya kuvuka na ng'ambo kwenye mitaa ya karibu na soko la Chao Phrom. Mi nashauri uvuke kwanza ndo ukodi, ili usilazimike kupita na baiskeli kwenye daraja kubwa la Pridi Thamrong ambalo lina magari mengi na malori. Bei ni baht 50 hivi kwa siku, kuna za 40 kuna za 60, nzuri zaidi zenye gia zinapanda.

Sasa suala la rehani. Sehemu nyingine wanataka uache paspoti. Usiache. Safari yangu ya kwanza niliacha, nikarudi jioni nikakuta duka limefungwa, hakuna mtu, namba iliyoandikwa mlangoni haipokelewi, nilisimama pale karibu saa nzima na treni yangu ikapita ng'ambo ya mto naisikia inapiga honi. Mwenye duka akarudi, akaomba radhi, alikuwa amepeleka mtoto hospitali, sikuweza kumlaumu, lakini ile saa nzima sitaki mtu mwingine aipitie, ndege yangu ilikuwa kesho yake asubuhi. Toa kopi ya paspoti na hela ya dhamana, baht 500 au 1,000, wengi wanakubali. Asiyekubali nenda kwa jirani yake. Na uliza wanafunga saa ngapi, waandike kwenye karatasi.

Kabla hujalipa kagua. Bana breki zote mbili huku unaisukuma, ikiendelea kwenda ikatae. Bonyeza matairi kwa kidole gumba. Zungusha pedeli kinyume uone cheni haigongi. Siti ishushwe au ipandishwe mpaka ukikaa vidole vya miguu vinagusa chini, waambie wafanye wao wana spana. Kengele ilie. Kikapu cha mbele kisicheze. Kufuli lifunguke na lifungwe mara mbili mbele ya macho yako. Piga picha baiskeli nzima pamoja na mikwaruzo yake. Ni dakika tano, zinakuokoa mabishano.

Njia yenyewe

Shika barabara ya Naresuan kuelekea magharibi, unalipita soko la Chao Phrom kushoto kulia watu wamejaa, nenda pole, baada ya kilomita moja na kitu unaanza kuona minara mirefu ya matofali mekundu kati ya miti. Umefika.

Tenga baht 300 mpaka 400 za viingilio kwa siku nzima. Kuna tiketi moja ya pamoja ya mahekalu kadhaa, ukiuliza dirisha la kwanza watakwambia, kama utaingia matatu au manne piga hesabu uone ipi ina nafuu. Neno Wat maana yake ni hekalu, utaliona kila mahali.

Wat Mahathat ndo la kuanza nalo, lilianza kujengwa 1374. Hapa ndo kuna kile kichwa cha Buddha kilichoshikwa na mizizi ya mti, mti wa jamii ya mkuyu, mizizi imekikumbatia mpaka umebaki uso tu umetulia unatazama. Ukifika saa mbili na nusu asubuhi unaweza kuwa peke yako nacho. Ukitaka kupiga picha nacho lazima uchuchumae au upige goti, kichwa chako kisipande juu ya kichwa cha Buddha, na kuna mlinzi anakumbusha. Fanya kwa heshima. Afu usiondoke haraka kama wanavyofanya wengi, zunguka nyuma, kuna safu ndefu za sanamu zimekaa mkao wa kutafakari, mabega yapo, mikono ipo, vichwa vimekatwa vyote. Kuna vilivyovunjwa vitani na kuna vilivyokatwa na wezi miaka mingi baadaye wakaviuza. Kuna watu wanaweka kichwa chao juu ya shingo ya sanamu kwa ajili ya picha. Tafadhali usifanye hivyo, mabango yanakataza, na fikiria mtu angefanya hivyo kwenye kaburi la babu yako.

Vuka barabara tu uko Wat Ratchaburana. Mi hili ndo nalipenda kuliko yote. Mfalme alipofariki watoto wake wawili wakubwa waligombania kiti, wakapigana kila mmoja juu ya tembo wake, wote wawili wakafa, kiti kikamwangukia mdogo wao wa tatu, naye 1424 akajenga hekalu hili kwa ajili ya kaka zake. Mnara wake mkuu bado umesimama vizuri, una umbo kama gunzi la mahindi, wenyewe wanaita prang. Unaweza kupanda ngazi mpaka juu, halafu ndani kuna ngazi nyembamba zinateremka kwenye chumba cha chini chenye michoro ya ukutani imefifia. Ni kwembamba na kuna joto, mwenye shida ya pumzi abaki juu. Chumba hicho kilikaa kimefungwa zaidi ya miaka mia tano, 1957 wezi wakachimba wakaiba dhahabu nyingi sana, serikali ikawahi iliyobaki. Hiyo iliyobaki, upanga, taji, tembo mdogo wa dhahabu amepiga magoti, iko kwenye jumba la makumbusho la Chao Sam Phraya pale pale kisiwani, na Chao Sam Phraya ndo huyo huyo mdogo wa tatu. Kama jua limekuzidi mchana ingia huko, ila angalia kwanza kama siku hiyo wako wazi.

Ukitoka hapo ingia kwenye bustani yenye bwawa, Bueng Phra Ram. Hii sehemu ya baiskeli ni tamu, vijia vyembamba, vidaraja, kivuli, vipande vya magofu vimejitokeza kwenye majani bila hata uzio. Hapa tulia. Kunywa maji. Mbwa wapo, wengi wamelala tu, ukiwaona wameamka shuka kwenye baiskeli utembee nayo taratibu ikiwa kati yako na wao, usikimbie.

Mbele ya bustani ni Wat Phra Si Sanphet, minara mitatu mikubwa imepangana, hii ina umbo la kengele, ni makaburi ya majivu ya wafalme. Hekalu hili lilikuwa ndani ya ikulu na watawa hawakuishi humo. Kulikuwa na sanamu ya Buddha amesimama, mita 16 hivi kwenda juu, imefunikwa dhahabu, 1767 ilichomwa moto ili dhahabu iyeyuke ichukuliwe. Sasa hivi ni uwazi tu na nguzo zilizokatika. Jirani yake kuna jengo limekarabatiwa, Wihan Phra Mongkhon Bophit, ndani amekaa Buddha mkubwa sana wa shaba, vua viatu uingie, hakuna kiingilio. Jengo hili lilikuwa gofu bila paa mpaka miaka ya 1950, na katika waliochangia ukarabati ni waziri mkuu wa Burma, U Nu, aliyekuja pale akatoa mchango. Burma, wale wale walioichoma. Niliposikia hivyo nilikaa kwenye ngazi kwa muda.

Tembo wanaopandwa na watalii mtawaona maeneo hayo. Mimi sipandi, yule mnyama kwenye lile jua na kile kiti mgongoni siwezi kumtazama. Kila mtu na uamuzi wake lakini wangu ndo huo.

Kula

Chakula maarufu cha hapa ni tambi za mashua, kuay tiao ruea, bakuli dogo la supu nzito. Ndugu zangu Waislamu muwe makini, nyingi zina nyama ya nguruwe na damu inatiwa kwenye supu yenyewe. Neno la kusema ni "mai sai mu", usitie nguruwe, lakini kwenye supu hiyo haitoshi, bora kutafuta sehemu ya Waislamu, na kwa bahati Ayutthaya zipo nyingi maana kuna Waislamu wa tangu zamani. Tafuta kibao cha halali, wana wali wa kuku wa manjano mfano wa biriani.

Halafu kuna roti sai mai. Hii usiikose. Ni vichapati vyembamba laini sana, vingine vya kijani, unaweka katikati nyuzi za sukari laini kama pamba, unakunja unakula. Wanaotengeneza wengi ni Waislamu wa hapo hapo, wamepanga meza barabara ya U Thong karibu na hospitali ya mji, unamwona mtu anagusisha donge la unga kwenye kikaango cha moto anakwangua chapati ndani ya sekunde.

Na kama una nusu saa ya ziada, kaburi la Sheikh Ahmad liko kwenye eneo la chuo kikuu cha Rajabhat, kusini mashariki ya kisiwa. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, alikuja mwanzoni mwa miaka ya 1600, akapewa cheo cha kusimamia Waislamu na biashara ya bahari ya magharibi, na ukoo wake umeshika nyadhifa kubwa Thailand vizazi na vizazi. Wafanyabiashara kama yeye wengi walivuka Bahari ya Hindi kwa pepo za msimu mpaka bandari ya Mergui afu wakakata nchi kavu mpaka Ayutthaya. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya bahari ile ile yetu, kaja kutafuta riziki, kabaki. Mi huwa nasimama pale nasoma Fatiha.

Mchana mpaka jioni

Saa saba mpaka saa tisa usiendeshe, kaa kivulini au makumbusho. Saa tisa jua likilegea elekea magharibi, kilomita moja hivi kutoka ikulu kuna Wat Lokayasutharam, Buddha amelala wazi nje, karibu mita 40, bure, hakuna geti. Dakika kumi na tano zinatosha.

Kutoka hapo kuna uamuzi. Wat Chaiwatthanaram iko ng'ambo ya Chao Phraya, nje ya kisiwa, kama kilomita tatu kwa baiskeli kupitia daraja la kusini magharibi. Darajani kuna magari, kaa kushoto kabisa, ukiogopa shuka usukume. Ukiweza nenda, maana ndo hekalu zuri kuliko yote jioni, lilijengwa 1630 na mfalme Prasat Thong, mnara wa kati wa mita 35 umezungukwa na midogo, liko ukingoni mwa mto, jua likishuka matofali yanakuwa rangi ya kaa la moto. Vijana wa Kithai wanakodi mavazi ya zamani wanapiga picha pale wamependeza sana. Lilifunikwa na maji kwenye mafuriko ya 2011, likasafishwa, liko salama.

Ila piga hesabu kutoka hapo mpaka kwa mwenye baiskeli na kivuko, ni kilomita sita, nusu saa na zaidi. Giza linaingia saa kumi na mbili na nusu hivi na baiskeli za kukodi nyingi hazina taa. Mi naondoka Chaiwatthanaram saa kumi na moja kamili hata kama jua halijazama. Anayetaka kuliona likizama aulize kabisa asubuhi duka linafungwa saa ngapi, na achukue treni ya baadaye. Siku nzima haitafika kilomita 20 za kuendesha, mtu wa kawaida anaweza, hata kama hujapanda baiskeli toka shule.

Kurudi

Rudisha baiskeli, chukua hela yako ya dhamana na kopi ya paspoti, vuka mto, kata tiketi. Treni ikichelewa sana zipo haisi za kwenda Mo Chit, kituo cha mabasi cha Bangkok, zinatoka barabara ya Naresuan kule kisiwani, kwa hiyo uliza stesheni imechelewa kiasi gani kabla hujakata tamaa.

Na angalia tiketi imeandikwa inaishia wapi, treni za haraka nyingi jioni zinaishia Krung Thep Aphiwat na si Hua Lamphong ulikoanzia. Ukishuka hapo fuata alama za MRT, kituo kinaitwa Bang Sue, laini ya bluu ile ile mpaka Phetchaburi, vuka daraja mpaka Makkasan, kituo kimoja uko Pratunam. Kama umebeba roti sai mai kula usiku huo huo, zile nyuzi za sukari zikipata unyevu zinaganda, nimejaribu kuwapelekea watoto Dar zikafika zimekuwa donge.